Memori inavuja kwenye Linux: maswali ninayoulizwa kila siku

Nimeandika hii baada ya kuchoka kujibu kitu kilekile kwenye simu. Wanaouliza wengi ni vijana wa UDOM wenye projekti za mwaka wa mwisho, wengine ni mafundi wenzangu hapa Dodoma wanaotunza seva za watu. Mifano mingi nimeitoa kwenye kituo kimoja cha kupima unyevu wa udongo nilichokifunga kwenye shamba la zabibu kule Hombolo, maana kile kituo kilinifundisha hii mada kwa fimbo. Kodi niliandika mwenyewe kwa C, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu.

Kuvuja kwa memori ni kitu gani hasa? Inaenda wapi?

Haiendi popote, na hapo ndo jina linapotuchanganya. Mtu wa Dodoma akisikia kuvuja anawaza simtanki lenye ufa, maji yanaishia mchangani na hayarudi. Memori haifanyi hivyo. Wewe fikiria chupa za soda. Mangi anakupa soda na chupa yake, ukimaliza unarudisha chupa. Programu ikiita `malloc` imechukua chupa, ikiita `free` imerudisha. Sasa ile inayovuja inachukua kila siku, hairudishi hata moja, alafu mbaya zaidi imesahau ilikoziweka. Chupa zipo zote uvunguni mwa kitanda, hamna iliyopasuka, ila kreti za mangi zimeisha na wateja wengine wanakosa soda.

Programu ikifa keneli (kiini cha Linux kinachogawa memori) inaingia ndani na kubeba chupa zote kwa mpigo. Ndo maana programu ya kukimbia sekunde mbili hata ivuje vipi hakuna anayejua, ila ile inayokaa wiki nzima inaangusha mashine.

Nimepiga `free -h` nikaona memori iliyobaki ni kidogo sana, si ndo inavuja hiyo?

Hapana mkuu, hujafika huko bado. Linux haipendi kuona RAM imekaa bure, ile isiyotumika inaifanya stoo ya mafaili yaliyosomwa kutoka diski, na programu ikihitaji nafasi inaachia muda huohuo. Kwa hiyo safu ya `free` kuwa ndogo ni kawaida kabisa, we angalia safu ya `available`. Nimeshaitwa Mtumba usiku kwa ajili ya hii kitu, nafika naambiwa seva inakufa, naangalia `available` iko nusu ya RAM nzima. Nikanywa chai yao nikarudi Nkuhungu.

Kitu cha kupima ni programu moja, sio mashine nzima. Chukua namba ya prosesi yako (yangu hapa ni 4127) alafu andika RSS yake kila dakika:

```
while true; do date +%T; ps -o rss= -p 4127; sleep 60; done >> rss.txt
```

RSS ni ile memori ambayo kweli imekaa kwenye RAM, `ps` inaitoa kwa kilobaiti. Usihangaike na VSZ, ile ni ahadi tu, programu inaweza kuahidiwa giga kumi na isiguse hata moja. Sasa iache ifanye kazi ya kweli masaa kadhaa ndo uangalie mchoro wake: ikipanda mwanzoni alafu ikatulia, hiyo sio kuvuja, ni programu inajipanga. Ikipanda kama ngazi, kila kazi ngazi moja na haishuki, hapo sasa tunaongea.

Kuna zana nyingi, nianze na ipi?

Jibu langu linategemea swali moja tu: unaweza kuikompaili upya hiyo programu? Kama ndiyo anza na AddressSanitizer, ile ya `-fsanitize=address`. Kama huwezi ila unaweza kuisimamisha na kuiwasha tena, tumia Valgrind. Kama ipo kazini na hairuhusiwi kuguswa kabisa, nenda kwenye `memleak` ya eBPF (njia ya keneli ya kuchungulia programu inayokimbia). Hizo tatu zinamaliza kazi zangu karibu zote, nyingine ntazigusa huko chini.

Valgrind inatumikaje? Nimejaribu ikanitapikia maandishi kurasa kumi.

Kwanza linatamkwa "valgrindi", sio "valgraindi", ni jina la lango kuu la Valhalla kwenye hadithi za kale za Skandinavia. Aliyeianzisha ni Julian Seward, huyohuyo wa bzip2, na ilitoka mwaka 2002. Haihitaji ukompaili upya kwa sababu inaiendesha programu yako ndani ya prosesa ya kuigiza na kuhesabu kila `malloc` na kila `free`. Gharama yake ni muda, programu inakuwa nzito mara 20 hadi 30, kwa hiyo usiiweke kwenye seva ya mteja mchana.

Kompaili na `-g` ili upate namba za mistari, na optimaizesheni weka `-O0` au `-O1`, alafu:

```
valgrind --leak-check=full --log-file=ripoti.txt ./kituo
```

Hiyo ya `--log-file` ndo dawa ya kutapikiwa. Fungua ripoti uanzie chini kabisa kwenye muhtasari, usisome kuanzia juu kama barua. Hii ndo iliyonitoka mimi baada ya kuiacha dakika moja, nimeondoa namba za anwani ili isomeke:

```
==4127== 180,000 bytes in 600 blocks are definitely lost
==4127==    at realloc
==4127==    by print (cJSON.c)
==4127==    by cJSON_Print (cJSON.c)
==4127==    by tuma_kipimo (kituo.c:88)
==4127==    by main (kituo.c:141)
```

Namba za kushoto ni namba ya prosesi tu, zipuuze. cJSON ni laibrari ninayotumia kuandika vipimo kwa mfumo wa JSON. Bloku, yani vipande vya memori, 600 kwa dakika moja. Mimi nina sensa kumi na nilikuwa nazisoma kila sekunde (usiulize kwa nini udongo upimwe kila sekunde, ilikuwa ujana), kumi mara sitini ni 600 kamili. Yaani kila kipimo kimoja kinaacha chupa moja ya baiti 300 uvunguni. Kwa siku ni vipimo 864,000, karibu mega 259, na kile kikompyuta kina RAM ya giga moja tu, ndo maana kilikuwa kinakufa kila siku ya tatu jioni na mimi nilikuwa nalaumu jua la Hombolo.

Ukiona idadi ya bloku inalingana na kitu unachokijua, idadi ya rikwesti, idadi ya mafaili, idadi ya wateja, umeshamkamata robo tatu. Angalia idadi kabla hujaangalia ukubwa.

Nimeenda kwenye mstari iliyoutaja na sioni kosa lolote. Zana imekosea?

Haijakosea. Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote maana kila mtu anakwama hapa, hata mimi nilikwama siku mbili.

Zana inakwambia ni nani alikopa chupa. Haikwambii nani alitakiwa azirudishe wala wapi alisahau, haiwezi, kwa sababu kosa la kuvuja ni kitu ambacho hakikuandikwa na huwezi kunyooshea kidole mstari ambao haupo. Mstari wangu wa 88 ulikuwa hivi: `char *s = cJSON_Print(kipimo);` na uko sahihi kabisa. Ila ile fanksheni inakupa stringi mpya ambayo ni mali yako na wewe ndo unatakiwa uiachie. Mimi nilikuwa naita `cJSON_Delete(kipimo)` nikijua imebeba vyote. Haibebi. Inaachia ule mti wa JSON tu, stringi inabaki.

Kwa hiyo ukipewa mstari jiulize vitu viwili: hii kitu baada ya hapa inamilikiwa na nani, na inafia wapi. Alafu fuata pointa (kile kinachoshika anwani ya hiyo memori) kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka ufike pale ambapo hakuna tena anayeishika, hapo ndo pa kuweka `free`. Na kama ni fanksheni ya laibrari soma maelezo yake, wenye laibrari nyingi wanaandika wazi kabisa nani anaachia, sisi tu hatusomi.

Nimerekebisha, Valgrind inasema safi, nimepeleka kazini bado inavuja. Kwa nini?

Karibu kwenye chama. Niliweka `free(s)` mwishoni mwa fanksheni, nikapima mezani kwangu Area C, ripoti safi haina hata baiti moja. Nikaenda Hombolo kwa bodaboda, nikafunga, wiki haijaisha kituo kimekufa tena.

Zana inaona njia uliyopita tu. Njia ambayo programu haikuikanyaga siku ya kupima, kwa zana haipo. Kodi yangu ilikuwa hivi:

```
char *s = cJSON_Print(kipimo);
if (tuma(s) < 0)
    return -1;
free(s);
return 0;
```

Umeiona? Mtandao ukikata inatoka kwa mlango wa juu na chupa mkononi. Area C mtandao haukati, kwa hiyo ule mlango haukufunguliwa hata mara moja. Hombolo unakata na kurudi unavyotaka, na kila ukikata ni chupa kumi kwa sekunde. Nilivyochomoa waya wa mtandao hapo mezani na kurudia Valgrind, ikaonekana ndani ya dakika.

Sasa hivi kabla sijaamini ripoti yoyote nachomoa mtandao, najaza diski, natuma data mbovu, nafuta faili la mipangilio, yani naichokoza. Kwenye C napenda kila fanksheni iwe na mlango mmoja wa kutokea, `goto safisha;` na pale chini kwenye `safisha:` ndo zinaachiwa zote. Najua mwalimu wako kakwambia `goto` ni dhambi, ila hata keneli ya Linux yenyewe imejaa `goto` za namna hii.

"Definitely", "indirectly", "possibly" na "still reachable" zina tofauti gani?

Turudi kwa mangi. "Definitely lost" ni chupa ambazo hakuna anayejua ziko wapi, hakuna pointa hata moja inayozielekea, hizo ndo za kushughulikia kwanza. "Indirectly lost" ni chupa zilizo ndani ya kreti iliyopotea, ukilipata kreti umezipata na zenyewe, kwa hiyo usizikimbilie, rekebisha kreti uone zinavyoyeyuka zote pamoja. "Possibly lost" ni pale ambapo pointa iliyopo inaelekea katikati ya bloku sio mwanzo wake, inaweza kuwa halali na inaweza isiwe, hapo tumia akili. "Still reachable" ni chupa ambazo programu imefika mwisho bado inazishika.

Hiyo ya mwisho watu wengi wanahangaika nayo bure. Kama ni jedwali ulilotengeneza mara moja mwanzoni na umelitumia mpaka mwisho, achana nalo, keneli italibeba. Ila kuna mtego hapa, soma swali linalofuata.

RSS inapanda kama ngazi kweli, lakini Valgrind inasema hakuna kilichopotea. Inakuaje?

Hiyo inaitwa kulimbikiza. Hujasahau chupa, unazijua ziko wapi, tatizo ni kwamba unaendelea kuzipanga tu. Mfano kache isiyokuwa na kikomo, au orodha ya wateja waliojiunga ambayo hakuna anayewatoa wakiondoka. Pointa zipo zote, kwa hiyo kwa Valgrind ni "still reachable" na haipigi kelele.

Hapa unabadilisha zana, tumia inayochora memori inavyokua. Ndani ya Valgrind yenyewe kuna Massif, unaendesha `valgrind --tool=massif ./kituo` alafu unasoma na `ms_print`. Mimi napenda zaidi heaptrack ya Milian Wolff, ni nyepesi kuliko Massif na ina dirisha la kuchorea, unaona kwa macho ni fanksheni ipi inanenepa. Na kuna hila moja ambayo watu hawaijui, programu ikiwa bado inakimbia ndani ya Valgrind fungua terminali nyingine uandike:

```
vgdb leak_check full reachable increased
```

Inakuonyesha kilichoongezeka tu tangu ulivyoangalia mara ya mwisho. Piga mara moja, subiri dakika tano, piga tena, kinachoongezeka kila ukipiga ndo mwizi wako.

AddressSanitizer ni nini na kwa nini unaipendekeza kuliko Valgrind?

Kwa sababu ina kasi, programu inakuwa nzito kama mara mbili tu, unaweza kufanya kazi nayo siku nzima bila kuchukia maisha. Ilitoka Google, ikaingia kwenye kompaila ya Clang alafu na GCC kuanzia toleo la 4.8. Kwenye Ubuntu ukishakuwa na GCC unayo tayari, hamna bando la kuchoma (Fedora unaongeza paketi ya `libasan`).

```
gcc -g -O1 -fsanitize=address -fno-omit-frame-pointer kituo.c cJSON.c -o kituo
```

Ya kusaka kuvuja ni LeakSanitizer iliyomo humohumo, kwenye Linux ya 64 biti inajiwasha yenyewe. Faida nyingine ni kwamba inakukamatia na makosa mengine, kuandika nje ya mipaka, kutumia memori iliyokwisha kuachiwa, ambayo kusema kweli ni mabaya kuliko kuvuja.

Mambo ya kuangalia: usiiendeshe ndani ya gdb au strace, ile hesabu ya kuvuja inagoma. Usiichanganye na Valgrind, chagua moja. Na inakula memori zaidi, ina karantini ya mega 256 ya kuhifadhi bloku zilizoachiwa, kwenye kikompyuta kidogo punguza kwa `ASAN_OPTIONS=quarantine_size_mb=16` au tumia `-fsanitize=leak` peke yake.

Nimeweka sanitaiza, nikaua programu na kill, sijaona ripoti yoyote.

LeakSanitizer inahesabu programu inapotoka salama, kwa kurudi toka `main` au kwa `exit`. Ukiipiga `kill` na yenyewe haijui kushika ile ishara, inakufa palepale kabla ya kuhesabu. Na ya `kill -9` ndo usiseme kabisa. Mashetani wanaokaa muda wote, yani programu za huduma, weka kishikio cha SIGTERM (ishara ambayo `kill` ya kawaida inatuma) kinachovunja lupu kubwa ili `main` irudi kistaarabu. Au kama unataka kuhesabu bila kufa, ita `__lsan_do_recoverable_leak_check()` ndani ya kodi, mimi nimeifunga kwenye SIGUSR1, kishikio kinaweka alama tu na lupu kubwa ndo inaita hiyo fanksheni. Valgrind haina hili tatizo kwa SIGTERM, inatoa ripoti yake ndo inakufa.

Programu iko kazini, mteja hataki isimame hata dakika. Nifanyeje?

Kwenye Ubuntu weka `bpfcc-tools` alafu:

```
sudo memleak-bpfcc -p 4127 30
```

Inajishikiza kwenye prosesi inayokimbia bila kuisimamisha, na kila sekunde 30 inakupa njia kumi zinazoongoza kwa bloku zilizochukuliwa na hazijarudishwa. Inaona zilizochukuliwa baada ya wewe kufika tu, ya jana haiyajui. Na kutokuachiwa ndani ya sekunde 30 sio ushahidi wa kuvuja, labda kazi bado inaendelea, kwa hiyo iache muda uone zipi hazipungui. Kama programu inaita `malloc` kwa fujo ongeza `-s 10` ili ipime moja kati ya kumi, isije ikawa wewe ndo umeiangusha. Ukiona majina ya fanksheni yamekatika ni kwa sababu programu ilikompailiwa bila fremu pointa, weka `-fno-omit-frame-pointer` kwenye toleo lijalo.

Heaptrack nayo ina `-p` ya kujishikiza, ila inapita kwa gdb kuingia ndani ya prosesi, mimi siifanyi hiyo kwenye seva ya mtu.

Nimeachia kila kitu kwa free, RSS haishuki. Inanitania?

Inawezekana kabisa haivuji. `free` inarudisha chupa kwa glibc (laibrari ya C yenye `malloc` na `free`), sio kwa keneli, na glibc ni kama dalali, anazishika kwanza akijua utazitaka tena. Vipande vikubwa, kuanzia 128 KB kwa kawaida, vinarudi keneli moja kwa moja, vidogo vinakaa. Na kipande kimoja kidogo kilichobaki juu kabisa ya hipu (eneo ambalo `malloc` inagawia) kinaweza kuzuia kila kilichoko chini yake kisirudi.

Jaribu kuita `malloc_trim(0)`, RSS ikiporomoka basi ilikuwa dalali tu. Kwenye programu zenye thredi nyingi angalia pia idadi ya arena (mafungu ya memori ambayo thredi zinagawana), glibc kwenye 64 biti inaruhusu hadi mara 8 ya idadi ya kori, seva ya kori 16 hiyo ni 128. `MALLOC_ARENA_MAX=2` nimeona inashusha memori vizuri, kwa gharama ya kasi kidogo.

Natumia Python, Java, Node. Hizi zina mkusanya takataka, hazivuji si ndiyo?

Zinavuja vizuri tu, kwa njia ile ya kulimbikiza. Python ina `tracemalloc` ndani yake tangu 3.4, unapiga picha mbili na kuzilinganisha. Kama kuvuja kuko kwenye laibrari ya C chini ya Python, `tracemalloc` haitoiona, hapo rudi kwa Valgrind na uweke `PYTHONMALLOC=malloc`. Java weka `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError` uchambue faili litakalotoka. Node washa `--inspect` uchukue picha za hipu kwa Chrome. Go ina pprof. Na wewe wa Rust uliyenitumia vicheko, `Rc` mbili zikishikana mikono zinavuja na kompaila haikwambii neno.

Nina Windows tu, itabidi nifute?

Hapana, weka WSL2 na Ubuntu ndani yake, Valgrind na AddressSanitizer zote zinafanya kazi. Ile `memleak` ya eBPF ndo usitegemee sana humo.

Vipi mtrace na Electric Fence? Mwalimu katufundisha hizo.

`mtrace` ni ya glibc yenyewe, kwa programu ndogo haina shida, ila kuanzia glibc 2.34 haifanyi chochote mpaka upakie `libc_malloc_debug.so` kwa LD_PRELOAD, ndo maana wengi mnapata faili tupu. Electric Fence ya Bruce Perens inakamata kuandika nje ya mipaka, kuvuja sio kazi yake. Ziheshimu kama wazee.

Je, keneli yenyewe au draiva ikivuja?

Karibu zote tulizoongea hazifai huko. Angalia `slabtop` uone ni kundi gani linanenepa. Kama unaandika draiva, keneli ina kmemleak tangu 2.6.31, lazima iwe imekompailiwa na `CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK`, alafu unaiamrisha ikague na kusoma majibu kwenye `/sys/kernel/debug/kmemleak`.

Nikiweka kroni ya kuirisitati kila usiku saa nane, si imeisha hiyo?

Sitakudanganya kwamba sijawahi. Kama kodi sio yako, mwenye nayo hapatikani na mteja anataka huduma kesho asubuhi, risitati. Ila fanya kiungwana, kwenye faili la systemd (msimamizi wa huduma za Linux) la hiyo huduma weka `MemoryMax=` na `Restart=on-failure`, ikizidi inauawa yenyewe tu na kuinuka tena, badala ya keneli kuamka na kuchagua wa kuua, maana mara nyingi inaua aliyenenepa kuliko wote, na huyo anaweza kuwa database yako isiyo na hatia. Ukikuta huduma imekufa bila sababu piga `dmesg` utafute "Out of memory: Killed process", utamwona marehemu kwa jina.

Nitajuaje kwamba kweli imepona?

Ile lupu ya RSS iweke tena, wiki nzima, kwenye mazingira yenyewe sio mezani. Na kwenye vipimo vyako vya kila siku weka `--error-exitcode=1` pamoja na `--leak-check=full` ili Valgrind ikikuta kuvuja kipimo kianguke, asije mwenzako akarudisha ule mlango wa juu mwezi ujao. Kituo cha Hombolo sasa kinapima kila dakika kumi badala ya kila sekunde, zabibu hazijalalamika, na RSS yake haijasogea tangu nibadilishe. Kinachokisumbua kwa sasa ni mchwa, wamekula nguzo.